Mawimbi yanapimwa kutoka angani, mvuvi bado anakisia ufukweni

KATIKA msimu wa kusi, siku ya nahodha wa mashua ya uvuvi huanza kwa hesabu kabla haijaanza kwa kazi. Saa kumi alfajiri anakuwa amekwisha kununua petroli na barafu, mara nyingi kwa mkopo kutoka kwa tajiri anayemuuzia samaki. Mabaharia wamekusanyika dikoni. Wachuuzi wamejipanga kuwahi sokoni kusubiri mzigo. Kabla hawajasukuma chombo majini, redio inatangaza kwamba upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 vinatarajiwa katika ukanda wote wa pwani.

Nahodha anaitazama bahari. Mbele ya diko, ndani ya mwamba, maji yametulia. Jana tangazo lilikuwa hilo hilo, na waliokwenda walirudi na samaki. Akibaki nyumbani, petroli itasubiri, lakini barafu itayeyuka na deni litabaki pale pale. Akienda na tangazo likawa kweli, anaweza kupoteza nyavu, mashine, au roho za watu waliomwamini. Mwisho wa yote anaamua kwa kukisia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kukisia huko kunafanyika katika zama ambazo urefu wa mawimbi ya bahari zote duniani unapimwa usiku na mchana na setilaiti, na vipimo vyake vinatolewa bure kwa anayevihitaji. Kwa hiyo tatizo la mvuvi na mfanyabiashara mdogo wa pwani si kwamba kipimo hakipo. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakimfikii kwa lugha, mahali na saa anayoweza kukitumia kuamua juu ya fedha zake na uhai wake.

Mkulima anafahamu vizuri jambo hili. Taarifa kwamba nchi itapata mvua za wastani haimsaidii kama hajui ni wilaya gani na ni wiki ipi. Taarifa ni pembejeo, sawa na mbegu na mbolea, na pembejeo isiyofika shambani kwa wakati ni hasara.

Rada inavyopima wimbi

Watu wengi hudhani kwamba setilaiti hupiga picha ya bahari kisha mtu akayapima mawimbi kwa rula. Sivyo. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni rada inayotazama chini moja kwa moja. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliyorushwa mwaka 1992, zile za Jason zilizoifuata, na Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020, zote zilipangiwa kuizunguka dunia katika umbali wa takriban kilomita 1,336 juu ya bahari. Kutoka huko rada hutuma mapigo ya redio mfululizo. Kila pigo hushuka, hugonga maji na kurudi juu katika muda wa takriban sehemu tisa za elfu moja za sekunde.

Bahari ikiwa imelala kama sahani, mwangwi wa pigo hilo hurudi kwa mkupuo na nguvu yake hupanda ghafla. Bahari ikichafuka, vilele vya mawimbi hugongwa kwanza na mabonde hugongwa baadaye kidogo, hivyo mwangwi hupanda polepole. Ni sawa na mtu anayepiga makofi mbele ya ukuta wa ghala na mwenzake anayepiga makofi mbele ya msitu. Wa kwanza hupata mwangwi mmoja mkavu. Wa pili hupata mwangwi uliotawanyika, kwa kuwa miti mingine iko karibu na mingine iko mbali. Kompyuta hupima kasi ya mwangwi kupanda, na kutokana na hiyo hutoa urefu wa mawimbi. Kadiri mwangwi unavyochelewa kupanda, ndivyo mawimbi yalivyo makubwa.

Kazi hii ilianza kwa majaribio miaka ya 1970. Setilaiti ya Marekani iliyoitwa Seasat, iliyorushwa mwaka 1978, ilifanya kazi kwa muda unaozidi kidogo miezi mitatu kabla ya mfumo wake wa umeme kuharibika, lakini ilitosha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Tangu Ulaya iliporusha ERS-1 mwaka 1991, na TOPEX/Poseidon kufuata mwaka uliofuata, setilaiti moja imekuwa ikimpokea nyingine kijiti. Hivyo leo dunia ina kumbukumbu ya mawimbi ya zaidi ya miaka 30.

Uwezo wa vyombo hivi si wa kutilia shaka. Februari 2011, Jason-2 ilipita juu ya dhoruba katika Atlantiki ya Kaskazini na kupima mawimbi ya mita 20.1, ambayo ni sawa na jengo la ghorofa sita. Hakuna nahodha aliyelazimika kupeleka meli katikati ya dhoruba ile ili kipimo kipatikane.

Vipimo hivyo huingizwa katika programu za kompyuta za vituo vikubwa vya utabiri duniani, na matokeo yake hutumiwa na mamlaka za hali ya hewa za nchi nyingi. Kwa hiyo katika tangazo analolisikia nahodha wa Kilwa, Pangani au Nungwi, kwa njia moja au nyingine kuna kazi ya setilaiti. Swali ni kwa nini tangazo hilo, lililobeba elimu kubwa kiasi hicho, linamfikia likiwa jepesi namna ile.

‘Mita 2’ maana yake nini?

Sehemu ya kwanza ya jibu iko katika neno lenyewe. Urefu unaotolewa na setilaiti, na unaotumika katika utabiri wa bahari duniani kote, si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kipimo hicho kilianzishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na wataalamu Harald Sverdrup na Walter Munk, waliokuwa Marekani wakitafuta namna ya kutabiri hali ya bahari kwa ajili ya kuteremsha askari ufukweni. Kilichaguliwa kwa sababu kinakaribiana na jibu analotoa baharia mzoefu akiulizwa mawimbi yana urefu gani.

Maana yake kwa mtu aliye ndani ya chombo ni hii. Bahari inayotajwa kuwa ya mita 2 ina mawimbi ambayo wastani wake wote ni mita 1.25 hivi. Lakini katika kila mawimbi 100, moja huzidi mita 3. Na katika kila mawimbi 1,000, moja hufika mita 3.7 au zaidi. Mawimbi yakipishana kwa sekunde sita, mawimbi 1,000 hupita chini ya chombo katika muda wa saa moja na dakika 40. Mvuvi anayetega usiku kucha katika bahari hiyo hana budi kutarajia kukutana na wimbi la karibu mita 4, na si mara moja tu.

Maneno “yanayofikia mita 2” hayasemi hivyo. Sikio la kawaida husikia kwamba mita 2 ndicho kikomo. Mvuvi akikaa baharini saa nzima akiona mawimbi ya mita moja, husema watu wa hali ya hewa wametia chumvi. Akikutana na lile la karibu mita 4 likamjazia chombo maji, husema hakuambiwa. Katika hali zote mbili tangazo hupoteza imani yake, ingawa hesabu iliyo nyuma yake ilikuwa sahihi.

Isitoshe, urefu peke yake hautoshi. Wimbi la mita 2 ambalo vilele vyake vinapishana kwa sekunde 14 huinua ngalawa taratibu na kuishusha. Wimbi la mita 2 hizo hizo linalopishana kwa sekunde tano huwa na mteremko mkali zaidi na linaweza kumwagikia ndani. Upepo ukivuma kinyume na mkondo wa maji, kama inavyotokea kaskazi inapokutana na mkondo wa bahari unaopanda kuelekea kaskazini, mawimbi huwa mafupi na makali zaidi. Wazee wa pwani wanalijua hilo kwa uzoefu. Programu za utabiri zinalijua kwa hesabu. Linalokosekana ni tangazo linalolitaja.

Mahali setilaiti isipoona vizuri

Sehemu ya pili ya jibu inahusu mahali. Haitakuwa haki kumwambia mvuvi kwamba setilaiti inaona kila kitu, kwa sababu haioni.

Kwanza, rada inayotazama chini hupima mstari mwembamba tu chini ya njia yake. Setilaiti za aina ya Jason na Sentinel-6 hurudi juu ya mstari ule ule kila baada ya siku 10 hivi, na kwenye ikweta mstari mmoja na unaofuata hutengana kwa takriban kilomita 315. Huo ni umbali mkubwa kuliko ule wa moja kwa moja kati ya Tanga na Dar es Salaam. Setilaiti nyingine, kama zile mbili za Sentinel-3 zilizorushwa na Ulaya mwaka 2016 na 2018, husaidia kuziba mapengo hayo. Hata hivyo, hakuna setilaiti ya namna hii inayokaa juu ya mkondo wa Pemba kutwa nzima ikimchungulia mvuvi. Kazi yake ni kusahihisha programu za utabiri, nazo ndizo zinazojaza mapengo.

Pili, rada huona vizuri bahari kuu na vibaya karibu na nchi kavu. Doa inalolimulika juu ya maji lina upana wa kilomita kadhaa. Likigusa kisiwa, fungu la mchanga au mwamba ulioachwa wazi na maji ya kupwa, mwangwi huvurugika. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara una upana wa makumi machache tu ya kilomita, una mafungu na visiwa vingi, na maji yake wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Huko ndiko wavuvi wengi wa ngalawa, mashua na madau wanakofanyia kazi, na huko ndiko majahazi yanakopita na mbao, mchele na mbuzi.

Tatu, ili vipimo vya setilaiti viaminike, hulinganishwa na vile vya maboya yaliyoelea baharini. Maboya mengi ya namna hiyo yako katika pwani za Marekani na Ulaya. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kipimo kilichohakikiwa kwenye maji ya wengine kinaweza kutumika Mafia na Lamu, lakini ni busara kukihakiki huko huko Mafia na Lamu kabla ya kukikabidhi roho za watu.

Mawimbi yanayotoka mbali

Wapo wanaosema kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa mvuvi wa jadi ana elimu yake. Anajua kusi inaanza lini, anajua matlai na umande, anasoma mawingu na nyota. Hoja hiyo ina uzito, na utaratibu wowote unaodharau elimu hiyo utashindwa. Lakini elimu hiyo inasoma dalili zilizo karibu, na si kila wimbi linalofika pwani limezaliwa karibu.

Mei 12, 2007, mawimbi yaliyokadiriwa kufikia mita 11 yalipiga bandari ya Saint-Pierre katika kisiwa cha Reunion, upande wa kusini-magharibi wa Bahari ya Hindi. Hayakuletwa na upepo wa kisiwani hapo. Yalizaliwa na dhoruba iliyokuwa kusini ya Cape Town siku kadhaa kabla, yakasafiri kilomita zipatazo 4,000 yakiwa katika umbo la mawimbi marefu yaliyotulia. Setilaiti ya Ulaya iliyoitwa Envisat, iliyokuwa na rada ya aina nyingine inayoweza kuonyesha urefu kutoka kilele hadi kilele na upande ambao mawimbi yanaelekea, ndiyo iliyowasaidia wataalamu kuifuata safari hiyo.

Mawimbi ya aina hii, yenye vilele vinavyopishana kwa sekunde 15, husafiri takriban kilomita 1,000 kwa siku. Anga inaweza kuwa nyeupe, upepo ukawa mdogo, na wimbi likafika usiku likavunjika kwa kishindo juu ya mwamba ambao nahodha aliuvuka asubuhi bila shida. Dalili za karibu hazitoshi kumwonya mapema. Lakini kwa kuwa wimbi hilo huchukua siku mbili, tatu au nne njiani, kuna muda wa kutosha wa kumwambia, ilimradi yupo mtu mwenye jukumu hilo na njia ya kumfikia.

Kilicho hatarini kwa mfanyabiashara

Wasiotoka pwani wanaweza kudhani kwamba suala hili ni la wavuvi pekee. Si hivyo. Samaki anayekosekana dikoni leo ni bei inayopanda sokoni kesho, ni mama lishe anayebadili chakula, ni mchuuzi wa baiskeli anayerudi na tenga tupu. Mkulima wa vitunguu au viazi anayepeleka mzigo Unguja kwa jahazi anahitaji kujua kama chombo kitavuka Jumanne au Ijumaa, kwa sababu mzigo unaoozea bandarini haulipiwi. Wakulima wa mwani, ambao Zanzibar wengi wao ni wanawake, hupoteza kamba na mavuno bahari inapochafuka. Wangejua siku mbili kabla, wangeweza kuvuna kilichokomaa.

Hasara ya tangazo lisilo na mipaka ni ya pande mbili. Tangazo likihusu pwani nzima, mtu wa Tanga hubaki nyumbani kwa sababu ya upepo uliokuwa Mtwara, na hakuna anayemfidia siku hiyo. Likirudiwa siku nyingi mfululizo bila kutofautisha asubuhi na jioni, watu huacha kulisikiliza, na siku ya hatari ya kweli huwakuta katikati ya maji.

Historia ya karibuni inaonyesha gharama na faida zote mbili. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo wa kusi, na watu wengi walipoteza maisha. Meli hiyo iliundwa kwa ajili ya kubeba abiria katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani. Funzo moja kati ya mengi ni kwamba kila chombo kina wimbi lake la mwisho, na wimbi hilo linapaswa kujulikana na kuandikwa kabla kamba hazijafunguliwa.

Kwa upande mwingine, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, kilifuatiliwa kwa siku kadhaa, tahadhari zikatolewa mapema, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa kabla hakijafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilionyesha wakati ule kwamba taarifa ikiwa wazi na ikirudiwa kwa vyombo vyote vya habari, watu huifuata. Kinachotakiwa sasa ni umakini huo huo kwa siku za kawaida za kusi, ambazo hazina jina la kimbunga lakini huzamisha ngalawa moja hapa na dau moja kule.

Bima na mikopo

Kumbukumbu ya zaidi ya miaka 30 ina faida nyingine ambayo wafanyabiashara hawajaigusa. Mkulima wa Kenya alianza kuzoea bima ya mazao inayolipa kwa kufuata kipimo cha mvua kupitia mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009. Hakuna mtu aliyelazimika kwenda shambani kukagua kila shina. Mvua ikipungua chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yanatoka.

Baharini jambo hilo limeshajaribiwa. Katika visiwa vya Karibea, mpango wa bima unaoitwa COAST ulianzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya wavuvi wa Grenada na Saint Lucia, na urefu wa mawimbi ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika kuamua malipo. Mvuvi anayezuiwa na bahari kufanya kazi anaweza kupata chochote cha kuendesha nyumba.

Mpango wa namna hiyo ungeweza kumsaidia mvuvi wa Afrika Mashariki kupata mkopo wa mashine kwa masharti nafuu, kwa kuwa mkopeshaji angejua hatari anayoibeba. Lakini hapa pana mtego. Kama kipimo ni cha bahari kuu na mvuvi anafanya kazi nyuma ya mwamba, anaweza kulipwa siku aliyovua vizuri na kunyimwa siku aliyopoteza nyavu. Bima iliyojengwa juu ya kipimo kisichohakikiwa itawakera wateja wake katika msimu wa kwanza. Kwa hiyo uhakiki wa karibu na pwani lazima utangulie biashara.

Nini kifanyike

Hatua zinazohitajika si za gharama ya kurusha setilaiti. Wenye uwezo huo wamesharusha, na vipimo vyao, kama vile vya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, viko wazi kwa umma. Kazi iliyobaki ni ya kilomita chache za mwisho.

Kwanza, tangazo liseme ukweli wote. Badala ya “mawimbi yanayofikia mita 2”, lisemwe kwamba mawimbi makubwa yatakuwa ya mita 2, na moja moja linaweza kukaribia mita 4. Sentensi moja tu imeongezeka, na inaweza kuokoa chombo.

Pili, tangazo ligawanywe kwa mahali na saa. Mvuvi anahitaji kujua hali ya ndani ya mwamba, ya kwenye mkondo, na ya bahari kuu. Ya asubuhi na ya alasiri. Na kama wimbi ni fupi la upepo au refu lililotoka mbali. Likitumwa kwa ujumbe mfupi wa simu na kuandikwa kwenye ubao wa diko kwa maneno wanayotumia mabaharia wenyewe, litasomwa.

Tatu, kila aina ya chombo iwekewe kiwango chake. Kiwango cha ngalawa hakiwezi kuwa cha boti ya mwendo kasi. Manahodha, mafundi wa kuunda vyombo na wakaguzi wakae pamoja wakubaliane, kisha kiwango hicho kiandikwe ubavuni mwa chombo kama namba ya usajili inavyoandikwa.

Nne, yawekwe maboya. Siku hizi yapo maboya madogo yanayotumia nishati ya jua, yanayobebeka na watu wachache, na yanayogharimu dola elfu kadhaa za Marekani, si mamilioni. Manne au matano, kuanzia Tanga hadi Mtwara, yangetosha kuanza kuonyesha utabiri unakosea wapi na kwa kiasi gani. Yakabidhiwe kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vilivyoko madikoni, kwa sababu boya lisilo na mwenyewe litaibiwa au litakatwa na nyavu.

Tano, na hili halihitaji kusubiri bajeti, kila diko lifungue daftari. Kila siku mtu mmoja aandike mambo matatu: tangazo lilisema nini, bahari ilikuwaje, na vyombo vingapi vilikwenda na kurudi. Baada ya misimu miwili ya kusi na miwili ya kaskazi, daftari hilo litakuwa na thamani kwa mtaalamu wa utabiri, kwa kampuni ya bima na kwa benki. Zaidi ya hapo, litampa mvuvi nguvu ya kuzungumza na wote hao akiwa na ushahidi mkononi badala ya malalamiko.

Kuna watakaosema kwamba serikali ina mambo mengi ya dharura kuliko maboya na madaftari. Lakini injini moja ya boti inayopotea ni mtaji wa familia kadhaa, na nahodha mmoja anayezama huacha nyuma yake mabaharia wasio na kazi, wachuuzi wasio na mzigo na watoto wasio na ada. Hesabu hiyo haionekani katika takwimu za biashara, lakini kila kijiji cha pwani kinaifahamu kwa majina.

Setilaiti itaendelea kupita juu ya Bahari ya Hindi, itapima na kuondoka, kama ilivyofanya kwa zaidi ya miaka 30. Haijui kama aliye chini ana mkopo wa barafu au wa mashine. Kujua hilo ni kazi ya watu walioko nchi kavu. Kazi hiyo itakuwa imefanyika vizuri siku nahodha atakaposikia tangazo la saa kumi alfajiri, akatazama kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa mashua yake, na akaamua kwenda au kubaki bila kukisia.